Ukiongeza Tanga, Tazama Farumi

Jumamosi moja, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kibokoni pamoja na majirani, tukinywa kahawa chungu na kuzungumza habari za mji. Mara tukasikia mngurumo kutoka upande wa Ndia Kuu. Haukuwa mngurumo wa kawaida. Vikombe vilicheza juu ya sinia, paka waliokuwa wamelala kivulini wakatimka, na mzee mmoja tuliyekuwa naye akavuta uradi na kuuliza kama ni ndege iliyoanguka. Kumbe alikuwa kijana wa dada yangu, amekuja kunionyesha gari lake.

"Salaam aleikum, Mjomba. Umelionaje?"

"Waaleikum salaam. Nimelisikia kabla sijaliona," nikamjibu.

Lilikuwa Subaru Impreza ya buluu, moja katika yale magari yaliyokwisha kutumika Japan kabla ya kuteremshwa katika bandari yetu. Rimu zake zilikuwa za rangi ya dhahabu, na bomba lake la moshi lilikuwa pana hata ngumi ya mtu ingeingia. Lilikaa chini mno. Paka wa Mji wa Kale, ambao hupita kila mahali, wasingeweza kupita chini ya gari lile.

Kijana akanieleza kwa furaha aliyoyafanya. Springi zote nne zilikuwa zimekatwa ili gari liinamie barabara. Bomba la moshi lilibadilishwa. Kijana mwenzake wa Nairobi alikuwa ameunganisha kompyuta yake na ile ya injini, akaiamuru turbo isukume hewa zaidi. Na bado, alisema, wiki itakayofuata angetia turbo kubwa kuliko ile.

Nikamwuliza pesa amepata wapi. Akainamisha macho. Baadaye nikaambiwa na dada yangu mwenyewe: alikuwa ameuza bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake, kwa kuwa mwanawe alimwambia gari lataka kutengenezwa. Naye dada alikuwa na ombi moja tu, kwamba gari likiwa tayari apelekwe Lamu kwenye Maulidi ya Mfungo Sita. Mfungo Sita ulikuwa umebakisha wiki tatu.

Wasomaji wangu, sikutaka kumkemea. Mimi nami nilikuwa kijana. Katika miaka ya sabini, msimu wa Pasaka ulipofika na mashindano ya Safari yakaletwa pwani, hapana mzee aliyeweza kutuzuia nyumbani. Tulikwea malori hadi Mazeras na Mariakani, tukakesha kando ya barabara na mihogo ya kukaanga mikononi, tukingojea kuona taa zikitokea gizani. Kwa hiyo niliyajua mapenzi yaliyomkamata mpwa wangu. Lakini aliponipakia tuzunguke kidogo, nikajua na jambo jingine. Katika tuta la kwanza tumbo la gari lilikwaruza barabara kama kisu juu ya sufuria. Tulipokata kona kuelekea Nyali, pakiwa na mashimo madogo tu, mkia wa gari ulirukaruka kama punda aliyeumwa na nzi.

Nikamwambia, "Kabla ya hiyo turbo kubwa, twende kwa mzee mmoja."

Fundi wa Mwembe Tayari

Mzee huyo ni fundi makanika, gereji yake iko nyuma ya Mwembe Tayari. Huvaa ovaroli na kofia ya vito, na akisikia adhana huweka spana chini hata kama injini iko nusu nje. Alipokuwa kijana alifanya kazi Nairobi katika gereji iliyokuwa ikitayarisha magari ya Safari, na alichojifunza huko hakukisoma katika kitabu.

Alilizunguka gari mara moja, asiseme neno. Kisha akamwuliza mpwa wangu, "Sasa wewe mwanangu wataka nini?"

"Nguvu, Fundi."

"Vyema. Basi kwanza nikueleze nguvu hutoka wapi."

Akasema injini ni kama pafu. Huvuta hewa, ikachanganya na petroli, ikachoma, ikatoa moshi. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo moja huhitaji hewa kiasi cha kilo 14.7. Basi mwenye kutaka nguvu zaidi ni lazima achome petroli zaidi, na mwenye kutaka kuchoma petroli zaidi ni lazima kwanza apate hewa zaidi. Ufundi wote wa kuongeza nguvu za injini huzunguka hapo. Zamani mafundi walisugua njia za hewa hadi zikawa laini, wakatia vali kubwa, wakabadilisha kemshafti ili vali zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi, wakafunga kabureta mbili mahali pa moja. Siku hizi wengi hukimbilia turbo, ambayo ni panga mbili ndogo katika shina moja: panga la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, nalo la pili husukuma hewa iingie katika silinda kwa nguvu. Shina hilo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

"Injini yako ni ya lita mbili," aliendelea, "silinda nne zilizolala, mbili zikitazama mbili. Ni injini nzuri. Waliyoiunda waliipima. Hata watengenezaji wa Japan walikuwa na mapatano yao wenyewe kwa wenyewe, tangu 1989 hadi 2004, kwamba gari lolote la kuuzwa kwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Sasa wewe umeongeza hewa. Je, petroli nani ameiongeza?"

Mpwa wangu akasema kompyuta imepangwa upya Nairobi.

Fundi akacheka. "Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja katika sita ukiilinganisha na hii ya kwetu. Turbo iliyofunguliwa Nairobi ikija Mombasa huokota hewa nzito zaidi na kuisukuma yote ndani. Pampu ya petroli isipoweza kufuata, hewa huizidi petroli, moto huwa mkali, na mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia ti-ti-ti, kama mtu anayepiga kijiko ndani ya bati. Huo ndio mlio wa pistoni ikiomba kutobolewa. Tena gari hili lilizoea petroli ya daraja la juu ya Japan, na ya kawaida ya hapa kwetu iko chini ya ile. Kwa hiyo gari lililopimwa Nairobi lipimwe tena hapa, juu ya mtambo wa kupimia nguvu, siyo kwa sikio wala kwa maneno ya barazani."

Kuhusu bomba pana alisema neno moja tu: "Kelele si farasi. Ukipita msikitini watu wako katika swala, umechukua haki yao na hukuongeza hata mwendo."

Miguu ya Gari

Kisha akaleta jeki, akalinyanyua gari, akatoa gurudumu la mbele.

"Sasa tutazame miguu," akasema. "Springi hubeba uzito. Gari likipanda tuta, springi hubonyea na kuiweka ile nguvu, kisha huirudisha. Springi yenyewe haijui kutulia. Ukiiachia itapanda na kushuka, ipande tena na kushuka. Ndiyo maana pana shokabzoba. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na kule kujisukuma hugeuza mrusho kuwa joto. Springi na shoki ni mume na mke. Hupimwa pamoja."

Akaeleza mambo yanayotokea springi inapokatwa. Hupungua urefu, na pia huwa ngumu zaidi, kwa maana waya uliobaki wa kujipinda ni mfupi. Shoki hubaki ile ile ya zamani, iliyopimwa kwa springi laini, na sasa hufanya kazi karibu na mwisho wa njia yake. Tuta kidogo tu, hugonga kitako. Shimo kidogo tu, gurudumu huning'inia na springi fupi huweza kutoka mahali pake.

"Gari zima," alisema, akionyesha mkono wake uliojaa grisi, "hushika barabara kwa viganja vinne. Kila mpira hugusa chini kwa eneo la kiasi cha kiganja hiki. Injini, breki na usukani vyote hupitia hapa. Mpira ulio hewani hauna breki wala usukani, hata ukiwa na farasi elfu."

Akamwuliza tena, "Breki umezifanya nini?"

"Ni zile zile, Fundi."

"Jua basi kwamba gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa halina nguvu mara mbili ya lile la 60. Lina mara nne. Na nguvu hiyo yote breki huigeuza kuwa moto. Wewe umenunua moto, hukununua mahali pa kuuweka."

Hapo mpwa wangu akajitetea kwa maneno tunayoyasikia kila siku. "Fundi, ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. Hakukasirika. Akamkumbusha habari ya yule bwana aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. "Na ngamia huyu wako," akasema, "hebu tazama kamba yake."

Akatuonyesha mpira wa breki, ule mfereji mwembamba upelekao mafuta ya breki kwenye gurudumu. Kwa kuwa gari lilishushwa na rimu ni pana, tairi lilikuwa likiusugua kila usukani ulipokatwa. Ulikuwa umeliwa upande mmoja hadi nyuzi za ndani zikaonekana.

"Nani hupanda kiti cha mbele?" akauliza.

Kijana alichelewa kujibu. "Mama."

Somo la Safari

Nikavunja kimya kwa kumwomba mzee atueleze jinsi walivyoyatengeneza magari ya Safari. Uso wake ukanawiri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakiitwa kwa jina la kutawazwa Malkia wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalikuwa kaburi la magari yenye sifa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

"Sisi hatukukata springi," alisema. "Tuliyainua magari. Tulitia springi imara zenye njia ndefu, na shoki za kuzifaa. Tulichomelea bodi mahali inapopasuka. Chini ya injini tulifunga bamba la chuma ili mawe yasiitoboe. Nguvu za injini tuliziongeza mwisho, tena kwa kipimo, kwa sababu injini iliyokamuliwa hufa njiani."

Maneno yake yana ushahidi. Mwaka 1974 marehemu Joginder Singh, ambaye alianza maisha kwa kazi ya umakanika, alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, naye Björn Waldegård katika Porsche 911 akawa wa pili. Porsche ilikuwa na nguvu zaidi, hapana ubishi. Joginder alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1965 kwa Volvo, na akashinda tena mwaka 1976. Mwaka 1983 Audi walikuja na Quattro, gari la turbo ambalo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Aliyeshinda ni Ari Vatanen katika Opel Ascona 400, isiyo na turbo na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Quattro hazikushinda mwaka huo.

Lakini mzee hakusema kwamba turbo ni haramu. Alitukumbusha kwamba Toyota Celica ya turbo ilishinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Siri ni kwamba haikuwa turbo peke yake. Wakati huo huo, huko Ulaya, magari ya daraja lililoitwa Kundi B yalikuwa yameongezwa nguvu hata yakawashinda wenyewe. Katika mwaka huo wa 1986 gari moja liliingia katikati ya watazamaji Ureno na kuua, na muda si mrefu Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto wakafa Corsica. Kuanzia 1987 Kundi B likafutwa katika ubingwa wa dunia. Hao walikuwa madereva hodari wa ulimwengu, wenye mafundi na pesa. Sisi wenye msumeno wa chuma na haraka tutasemaje?

Nikamkumbuka marehemu baba yetu, babu wa kijana huyu, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nikamwambia mpwa wangu jambo ambalo hakupata kulisikia kutoka kwa babu yake, kwa kuwa alizaliwa mzee amekwisha kufariki. Baba alikuwa akisema kwamba mgeni wa bahari hutazama tanga, nahodha hutazama farumi. Jahazi tupu lenye tanga kubwa huonekana zuri bandarini, lakini upepo ukikaza ndipo hujulikana nini kimewekwa chini. Mtu akitaka kuongeza tanga, na aongeze, hapana amzuiaye. Lakini atazame kwanza mlingoti, na foromali, na mawe yaliyo katika tumbo la chombo.

"Lakini Mjomba," akasema kijana kwa sauti ndogo, "gari nikiliinua wenzangu watanicheka."

Fundi akamjibu mbele yangu. "Hao wanaokucheka ndio watakaokuwa wa kwanza kukupiga picha ukianguka."

Bangili za Dada

Walikubaliana hivi. Kompyuta ya injini irudishwe katika kipimo chake cha kwanza. Zitafutwe springi nne nzima za gari lile lile, na shoki nne mpya za kulingana nazo. Bushi zilizokufa zitolewe. Mipira ya breki, pedi na diski za mbele zibadilishwe. Tairi ziwe za kipimo kinachofaa, kisha magurudumu yanyooshwe. Baada ya hayo, kijana akiwa bado anataka nguvu, arudi, wapime injini hapa hapa pwani, waongeze kidogo kidogo, na breki zikiongezwa pamoja nayo.

Pesa za turbo hazikutosha. Kijana akakaa siku mbili akifikiri. Siku ya tatu aliziuza zile rimu za dhahabu. Sikumwambia auze, wala fundi hakumwambia.

Tulisafiri alfajiri, baada ya swala. Dada yangu alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma na kikapu cha mahamri. Gari lilinguruma kwa adabu. Kijana aliendesha vizuri, na nilipotazama juu ya bega lake niliona hana haraka. Kwenye matuta ya Mtwapa gari lilipanda na kushuka mara moja, likatulia. Dada yangu hajui shoki wala springi. Kila alipopanda gari la mwanawe hushika mlango kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mkono wa pili. Siku ile tulipovuka daraja la Kilifi aliuachia mlango, na kabla hatujafika Malindi alikuwa amelala usingizi, tasbihi mapajani, mikono yake haina bangili.

Mwanawe alimtazama, akanitazama mimi katika kioo. Hakusema kitu. Tulivuka Sabaki, tukapita Garsen, na adhuhuri haijafika mbali tulikuwa Mokowe tukingojea mashua ya kutuvusha. Dada akaamka na kuuliza kama tumekwisha kufika.

Nawaandikia haya vijana wetu wa Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko wenye magari ya namna ile. Sisemi muache mapenzi yenu, maana ufundi huu ni elimu na una heshima yake. Nasema muufanye kwa mpango wake: mipira kwanza, kisha breki, kisha springi na shoki zilizopimwa pamoja, na injini mwisho. Anayekwambia uanze na injini, mwulize kama yuko tayari kumpandisha mama yake katika kiti cha mbele.

Mpwa wangu bado anaitaka ile turbo kubwa. Fundi amemwahidi kwamba watapima. Lakini kabla ya turbo kuna deni jingine, na nimefurahi kusikia kwamba kijana amekwisha kwenda kwa sonara kuuliza bei ya bangili mbili.